Kifyonza Mshtuko au Shokamzoba? Uhakiki wa Istilahi za Springi za Gari

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi nne zinazohusu springi za gari, ambazo tulizikuta katika kijikaratasi cha maelezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili na kutiwa ndani ya boksi la vipuri. Istilahi hizo ni kifyonza mshtuko, kuboresha, mfumo wa mning'inio, na springi iliyotulia. Hatumtaji mwenye duka wala mfasiri, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, istilahi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kosa kubwa kuliko zote, ilikuwamo pia katika kadi zetu wenyewe, ikingoja kupelekwa mbele ya kamati. Kwa hiyo msomaji atakayeona kwamba tumekuwa wakali, na ajue kwamba sehemu ya ukali huo tumejielekezea sisi wenyewe.

Tuliyoyakuta Fumba

Fumba iko kwenye rasi ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, kando ya Ghuba ya Menai. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni uwanda, yaani mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo haba. Wenyeji wake tangu zamani ni wavuvi, pamoja na wakulima wa mazao yanayovumilia mawe. Katika miaka ya 1990 mahali hapo palitengwa kuwa eneo huru la uchumi, na katika miaka ya 2010 ukaanza ujenzi wa mji mpya. Barabara kuu imetiwa lami. Lakini anayeiacha lami kwenda pwani wanakopandisha samaki, au kwenda kwenye kiwanja cha ujenzi, hukutana na jiwe lile lile la matumbawe, lililochongoka na lisilolainika hata likikanyagwa miaka mingi. Ndiyo sababu pikapu imekuwa chombo cha kazi mahali hapo kama ilivyo ngalawa. Asubuhi hubeba samaki na barafu kwenda mjini. Mchana hubeba saruji na mawe.

Tulikwenda huko kusikiliza majina ya sehemu za gari kama yasemwavyo na mafundi. Katika gereji moja iliyo chini ya mwembe tulikuta pikapu mpya, ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka tangu kununuliwa. Mwenyewe ni kijana mchuuzi wa samaki. Alitueleza kwamba gari likiwa tupu lilikuwa likimrusha sana kwenye njia ya mawe, hata barafu ikawa inamwagika. Akashauriwa anunue shokamzoba nyingine zilizo bora kuliko zile lilizokuja nazo gari. Kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi kiliziita vifyonza mshtuko vilivyoboreshwa. Kijana huyu, ambaye amesoma na anajua vyema maana ya kufyonza, alifikiri hivi: ikiwa chombo hiki kinafyonza mshtuko, na mshtuko huzidi mzigo unapozidi, basi kifyonzacho zaidi kitaliwezesha gari kubeba zaidi. Akafunga mbili za nyuma, akaongeza mawe.

Tulipomkuta, bapa moja la springi ya nyuma lilikuwa limekatika na bodi limelala upande. Bado alikuwa ameshika mkononi boksi la pili, lenye jozi ya mbele, akitaka nayo ifungwe siku hiyo hiyo.

Fundi, ambaye ni mtu mzima wa makamo ya baba zetu, hakumcheka. Alisema, "Mwanangu, shokamzoba haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Shokamzoba kazi yake ni kuifanya springi isiendelee kudunda." Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa na daftari, akatuuliza kwa upole, "Na nyie wanangu wa Kiswahili, hilo jina la kufyonza mmelitoa wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ndiyo jibu letu.

Kazi ya chombo chenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa bila ya kujua kitu kinachotajwa. Gurudumu linapopanda jiwe, husukumwa juu kwa ghafula. Lau kama bodi lingefungwa moja kwa moja kwenye ekseli, pigo lile lingefika lote kwa dereva na kwa mzigo. Ndiyo maana huwekwa springi kati yao. Springi hukubali kubanwa, na kwa kubanwa kwake hulipokea pigo na kuliweka. Basi anayepokea mshtuko ni springi, akisaidiwa na upepo uliomo ndani ya tairi. Hilo ni jambo la kwanza.

Jambo la pili ni kwamba springi ni mwaminifu mno: kila ilichopokea hukirudisha. Ikisha kubanwa hujinyoosha, hujinyoosha kupita kiasi, hurudi kubanwa tena, na gari likabaki likipanda na kushuka baada ya jiwe kupitwa zamani. Gari la namna hiyo halichoshi tu abiria, bali ni la hatari. Kila linapopanda, tairi hupunguza uzito wake juu ya ardhi au huiacha ardhi kabisa. Na tairi isiyokanyaga haiwezi kufunga breki wala kukata kona.

Hapo ndipo shokamzoba inapohitajiwa. Ni bomba lililojaa mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo na vali. Springi inapobanwa au kunyooka, pistoni hulazimika kupita katika mafuta, na mafuta hulazimika kupenya katika vitundu. Kupenya huko ni kwa shida, na shida hiyo huzidi kadiri mwendo unavyozidi kuwa wa kasi. Nguvu iliyokuwa ikirusha gari hugeuka kuwa joto. Anayeigusa shokamzoba baada ya safari ya njia mbovu ataikuta ya moto, na moto huo ndio mdundo uliozimwa. Joto likizidi, mafuta huchanganyika na hewa, yakatoa povu, na chombo kikapoteza nguvu zake mpaka kipoe. Kwa sababu hiyo shokamzoba nyingine hutiwa gesi ya naitrojeni yenye kani, ili kulizuia povu lile.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo haya yote shokamzoba haikubeba mzigo hata mara moja. Ikiwa gari limesimama na mzigo wake, pistoni haisogei, mafuta hayapenyi, na chombo hakifanyi kazi yoyote. Yako magari ambayo springi ya mbele imezungushwa kwenye shokamzoba yenyewe na kukaa juu yake, na mengi ya mapikapu ya siku hizi ni ya aina hiyo. Lakini hata humo anayebeba ni springi. Bomba limekuwa ni mahali pa kukalia tu.

Kosa la Kiingereza tulilolifasiri

Kifyonza mshtuko ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza. Jina hilo lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, wakati motokaa zilipoanza kufungwa vyombo vya kusuguana ili kuzipunguzia mdundo; kama vile vya Mfaransa Truffault, ambavyo Hartford alivieneza Marekani. Lilikuwa jina la kuvutia wanunuzi, nalo likafaulu. Hata hivyo Waingereza wenyewe wanaoshughulika na uhandisi hawalipendi sana. Wanalo jina jingine lenye maana ya chombo cha kufifisha. Wafaransa hutumia neno lenye asili ya kufisha. Wajerumani huunganisha neno la pigo na neno la kufifisha. Katika mataifa hayo wahandisi waliangalia kazi ya chombo. Sisi tuliangalia jina katika kamusi ya Kiingereza.

Liko jaribio jepesi linaloweza kuonyesha kwamba istilahi hii ni potofu. Lau ingekuwa kweli, chombo chenye nguvu zaidi kingefyonza mshtuko zaidi, na dereva angeona raha zaidi. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Shokamzoba ngumu ikifungwa kwenye gari tupu na kupitishwa juu ya jiwe dogo lililochongoka, hukataa kusogea kwa kasi, na kwa kukataa kwake hulipitisha pigo hadi kwenye bodi. Yaani kinachoitwa kifyonza mshtuko, kikizidishwa nguvu, huleta mshtuko. Istilahi inayosema kinyume cha kitu chenyewe haiwezi kutetewa kwa hoja kwamba imeundwa kwa maneno ya Kiswahili.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linagusa kanuni ya kazi yetu. Tumezoea kusema kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na ndipo hatimaye zikopwe lugha za kigeni. Kanuni hii ni njema. Lakini mara nyingi tunaitumia kwa kuangalia sauti tu. Kifyonza mshtuko kina maneno yetu lakini fikira yake ni ya kukopa, tena iliyokopwa pamoja na kosa lake. Shokamzoba imekopwa kwa sauti, lakini yule fundi wa Fumba akiisema huwa anakijua kitu anachokitaja. Katika mikopo hii miwili, wa kwanza ndio uliomgharimu mtu springi yake.

Juu ya neno kuboresha

Kuboresha ni neno jema, lililojengwa kutokana na bora kwa taratibu zilizo halali kabisa, na limetufaa sana katika kilimo, elimu na afya. Ubaya wake ni kwamba linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Anayesema ameboresha amekwisha kusema kwamba hali ya pili ni njema kuliko ya kwanza. Katika taarifa ya mkutano hilo halina madhara makubwa. Katika maelezo ya chombo cha gari lina madhara, kwa sababu hapana shokamzoba iliyo bora kwa kila gari na kila mzigo.

Pikapu huundwa kwa ajili ya kubeba. Nyingi hukadiriwa uwezo wa karibu tani moja. Springi zake za nyuma ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na ugumu wake umepimwa kwa ajili ya mzigo huo. Kwa hiyo gari likiwa tupu, springi hizo huwa ngumu kupita haja, na kurusha kwake si ugonjwa bali ni tabia ya umbile lake. Anayeiondoa shokamzoba ya kiwandani na kufunga nyingine anaweza kuwa na haja ya mambo mbalimbali. Huenda anataka ngumu zaidi, kwa kuwa hubeba mzigo mzito kila siku na springi imekuwa ikiishinda ile ya zamani. Huenda anataka inayostahimili joto, kwa kuwa hupita njia mbovu mwendo mrefu. Huenda ameinua gari, na sasa anahitaji ndefu zaidi. Kwani fupi itavutwa hadi mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na ndefu mno itagonga mwisho wake kila linapopanda. Huenda pia zile za kwanza zimechoka tu, naye anataka mpya zilizo sawa nazo.

Haya ni mambo manne, na mafundi wanayatenganisha kwa maneno mepesi: kufunga ngumu, kufunga za gesi, kufunga ndefu, kufunga mpya. Kijikaratasi kimeyafunika yote kwa neno moja la kuboresha. Mchuuzi wetu hakuwa na haja ya lolote katika manne hayo ili abebe mawe. Kama mzigo wake ulikuwa ndani ya kadirio la gari, hakuhitaji kitu. Kama ulizidi, kilichompasa ni kupunguza mawe. Na lau angetaka gari lisilale sana nyuma, kazi hiyo ilikuwa ya springi, kwa kuongezewa bapa, wala si ya shokamzoba. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nasi twaongeza kwamba kijikaratasi kinachoahidi uzuri kabla ya kueleza kazi hakijatimiza wajibu wake kwa lugha wala kwa mnunuzi. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi neno kuboresha liachwe, na mahali pake pasemwe ni kitu gani kilichobadilishwa na kwa kiasi gani.

Mning'inio na springi iliyotulia

Istilahi ya tatu ni mfumo wa mning'inio, inayokusudiwa kutaja springi, shokamzoba na viungo vyao vyote kwa pamoja. Hapa napo Kiingereza kimefuatwa. Jina la Kiingereza lilikuwa na haki yake zamani, kwa kuwa magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na bodi lililoning'inizwa kwa mikanda ya ngozi. Mikanda ile imekwisha kutoweka na jina limebaki. Msomaji wa Kiswahili, ambaye hakuiona mikanda hiyo, atakapoambiwa kwamba gari lina mning'inio atatafuta kitu kinachoning'inia, wala hatakiona. Kwani pikapu yake haikuning'inia bali imekaa juu ya springi. Kwa sasa hatuna neno moja linalofaa, na hatuoni aibu kusema "springi na shokamzoba" kwa maneno matatu. Maneno matatu ya kweli ni bora kuliko moja lililofichwa maana.

Istilahi ya nne ndiyo iliyotutia hofu. Tumekwisha kusema kwamba katika mapikapu mengi springi ya mbele imezungushwa kwenye shokamzoba. Ili kuitoa shokamzoba hiyo ni lazima kuifungua nati ya juu inayoishikilia springi. Springi hiyo, hata gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na hata ikiwa imewekwa juu ya meza, bado imebanwa kwa nguvu kubwa. Ikifunguliwa nati kabla haijashikwa kwa kibano chake maalumu, huruka, na inaweza kumvunja mtu taya au kumuua. Hakuna fundi mzoefu asiyelijua hilo.

Kijikaratasi kiliagiza kwamba nati ifunguliwe baada ya kuhakikisha kwamba springi imetulia. Mfasiri, kwa tunavyokisia, alikuwa na mbele yake maneno ya kigeni yenye maana ya kuondoa mkazo. Lakini katika Kiswahili kitu kilichotulia ni kile kisichosogea. Bahari imetulia, mtoto ametulia, moyo umetulia. Springi iliyobanwa chini ya nati imetulia tuli. Wala hakuna springi iliyotulia kuliko hiyo. Kijana mwanafunzi wa gereji ile, aliyepewa kijikaratasi asome kwa sauti, aliitazama springi, akasema, "Imetulia," akanyosha mkono kuchukua spana. Fundi alimshika mkono.

Hatuna haja ya kulipamba tukio hilo. Kosa halikuwa la mwanafunzi. Yeye alikisoma Kiswahili kama kinavyosomwa. Maneno yaliyotakiwa yalikuwapo, nayo ni ya kila siku: kubana, kubanwa, kulegea, kulegezwa. Kama ingeandikwa "funga kibano kwanza, uibane springi mpaka ilegee na kuachana na sahani yake ya juu, ndipo ufungue nati," hata asiyewahi kushika spana angeelewa kwamba kuna kitu cha kuogopwa. Istilahi katika sayansi za jamii ikikosewa huleta mabishano. Katika ufundi huleta majeraha.

Lugha ya gereji

Yatupasa sasa tuulize kama Kiswahili kinayo maneno ya kuutaja ukweli wa chombo hiki. Tuliyoyaandika katika daftari letu Fumba yanaonyesha kwamba kinayo, tena kwa utajiri.

Mafundi na madereva wa huko hawalaumu gari kwa kusema tu kwamba ni bovu. Husema linarusha, linadunda, linayumba, linalala au linagonga. Tulipouliza tofauti, tulielezwa bila ya kusitasita. Gari linarusha linapompiga mtu juu mara moja kwa ukali, na hapo hutazamwa ugumu wa springi au upepo wa tairi. Linadunda linapoendelea kupanda na kushuka baada ya jiwe kupita, na hapo hutazamwa shokamzoba. Linayumba linapokwenda kulia na kushoto kwenye njia iliyonyooka. Linalala linapoinama upande mmoja, ama katika kona ama kwa kuchoka kwa springi ya upande huo. Linagonga inaposikika sauti ya chuma kwa chuma, na mara nyingi huwa ni bushi zilizokwisha. Kila kitenzi kina ugonjwa wake, na kila ugonjwa una mahali pake pa kutazamwa. Mganga anayetenganisha homa na kikohozi hafanyi zaidi ya hivyo.

Hata jaribio la kuipima shokamzoba lina lugha yake. Fundi huikandamiza pembe moja ya gari kwa uzito wa mwili wake, kisha huiachia. Ikipanda mara moja na kusimama, ni nzima. Ikidunda mara mbili tatu, imekwisha. Kitenzi kinachotumika hapo ni kudunda, kile kile kinachotumika kwa mpira. Basi nomino tuliyokuwa tukiitafuta tangu mwanzo si mshtuko, bali ni mdundo. Mshtuko ni wa ghafula na wa mara moja, nao huishia katika springi. Mdundo ni wa kurudiarudia, nao ndio ulioundiwa shokamzoba.

Si ajabu kwamba maneno haya yalikuwapo. Lugha ya pwani ina desturi ndefu ya kuvipa vyombo vipya majina ya vyombo inavyovijua. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Rubani aliongoza chombo cha bahari kabla hajaongoza ndege. Wazee waliiita springi ya saa kamani, neno lenye asili ya Kiajemi kwa maana ya upinde, ambalo hata Wahindi wanalo kwa maana ya springi. Na anayeitazama springi ya nyuma ya pikapu, jinsi ilivyopindika, ataona kwamba mwenye kuliita upinde hakukosea. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kilichaguliwa kikiwa ni lugha inayosemwa na watu katika kazi zao. Itakuwa kinyume cha mambo kama leo istilahi za kazi zitatungwa bila ya kuwasikiliza watu wa Unguja walio kazini.

Pendekezo

Kwanza, tunaliondoa kifyonza mshtuko katika kadi zetu, na tunaomba wenzetu waliokwisha kulitia katika vitabu vya shule walifikirie upya. Tunajua kwamba neno likisha kuchapishwa ni vigumu kulirudisha. Lakini ni afadhali kulirudisha kuliko kulikuta tena mkononi mwa mchuuzi mwingine.

Pili, tunapendekeza shokamzoba likubaliwe kuwa ndilo jina la chombo hiki. Limezoea kinywa cha Mswahili, linaishia kwa irabu kama inavyopaswa, na limepokea upatanisho wa i- na zi- bila ya kushurutishwa: shokamzoba hii imekwisha, shokamzoba hizi zimekwisha. Wengine husema shokomzoba na wengine shokapu. Tungependa tahajia moja ishikwe katika maandishi, nasi tumechagua ile tuliyoisikia kwa wengi. Iko faida nyingine ya neno hili, ambayo zamani tuliihesabu kuwa ni kasoro: halielezi kitu. Kwa kuwa halielezi kitu, halidanganyi. Asiyelijua atauliza, na akiuliza ataambiwa kweli.

Tatu, kwa ajili ya vitabu vya mafunzo, ambamo mwanafunzi anahitaji neno litakalomfungulia maana, tunatoa kwa majaribio istilahi kizimamdundo. Imeundwa kwa mfano wa kizimamoto, neno ambalo kila mtu analijua, na inasema hasa kile ambacho chombo hufanya. Kutokana nayo yaweza kusemwa mdundo wa kubanwa na mdundo wa kunyooka, kwa zile njia mbili za mwendo wa pistoni, ambazo aghalabu hupewa ukinzani usiolingana. Na hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini gurudumu lipande kwa wepesi na kushuka kwa utaratibu. Hatusemi kwamba neno hili litaliondoa shokamzoba, wala hatulitaki liliondoe. Moja ni jina, la pili ni maelezo, na lugha iliyokomaa huwa na nafasi ya yote mawili.

Nne, na hili ni kwa utaratibu wetu wenyewe, tunapendekeza kwamba istilahi yoyote ya ufundi isipelekwe mbele ya kamati kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoshika kitu chenyewe kwa mikono. Jaribio liwe la namna ya lile la Fumba: fundi aambiwe neno bila ya maelezo, kisha aulizwe angefanya nini akikuta limeandikwa. Jibu lake lisipokuwa sahihi, kadi irudi mezani.

Tulilifanya jaribio hilo kwa kizimamdundo kabla ya kuondoka. Yule fundi alilisikia, akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo nimelielewa bila kuelezwa. Lakini nikimtuma kijana dukani, nitamwambia alete shokamzoba." Tumeliandika jibu hilo kama lilivyo. Mwenye pikapu, kwa upande wake, alilirudisha boksi la pili kwenye kiti cha gari, akauliza bei ya bapa moja la springi.

Wasomaji wetu walio Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu, Bujumbura, Lubumbashi na kwingineko ambako magari hupita njia za mawe, wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia mafundi wao kwa sehemu hizi za gari, hasa jina moja litakalotaja springi na shokamzoba kwa pamoja. Tutayachapisha pamoja na kazi zake, wala hatutalipitisha lolote kabla ya kulirudisha gereji.